Kichaa cha siku mbili: Sumu ya datura na dawa za maruerue

Na DAKTARI WETU, Elburgon

ILIKUWA yapata saa nane za usiku, mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, mvulana wa miaka 16 alipoletwa kwangu mjini Elburgon. Alikuwa amebanwa katikati ya wajomba wake wawili juu ya bodaboda, mikono imefungwa kamba. Alikuwa akiokota hewani vitu ambavyo sisi wengine hatukuviona na kuvitia mfukoni. Mara kwa mara aligeuka na kumjibu nyanya yake, ambaye alizikwa miaka mitatu iliyotangulia.

"Daktari," mama yake aliniambia, "huyu mtoto ametupiwa kitu. Asubuhi alikuwa mzima kabisa, amekama ng'ombe, amekunywa chai. Sasa hata mimi mamake hanijui."

Walikuwa wametoka kwenye maombi, ambako walikesha naye kwa saa nne. Sikuwalaumu. Mtu mzima akirukwa na akili ghafla, mzazi hukimbilia pale penye tumaini la karibu.

Muuguzi wa zamu alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akanitazama. "Daktari, huyu anachomeka, lakini ni mkavu. Hana hata tone la jasho."

Maneno hayo machache ndiyo yaliyotuonyesha njia. Mpenzi msomaji, juma hili ningependa tujifunze kwa nini, maana mzazi, mwalimu au jirani anayezijua dalili hizi anaweza kuokoa maisha kabla mgonjwa hajamfikia daktari.

MMEA ULIO UKINGONI MWA SHAMBA

Kijana huyo alikuwa amekunywa chai ya datura. Ukiishi Elburgon, Molo, Turi, Njoro au Mau Narok, mmea huu umeupita mara nyingi bila kuutazama. Humea penye udongo uliochimbuliwa: katikati ya mahindi na viazi, kandokando ya zizi, kwenye jalala na pembezoni mwa barabara. Huwa na urefu wa mita moja hivi. Majani yake ni mapana, yenye kingo zilizochongoka, na ukiyafikicha hutoa harufu mbaya. Ua lake ni jeupe au la zambarau, lenye umbo la tarumbeta. Tunda lake ni kama yai dogo lililojaa miiba. Likikauka hupasuka sehemu nne na kumwaga mbegu nyingi ndogo, bapa, nyeusi au za kahawia.

Kuna na ndugu yake mkubwa, ambaye wengi hupanda uani au kama ua la kuzungushia boma kwa sababu ya uzuri wake. Huyu ni mti mdogo wenye maua marefu meupe, ya njano au ya waridi yanayoning'inia yakitazama chini, na ambayo hunukia sana jioni. Wataalamu huuita brugmansia. Sumu yake ni ile ile.

Mimea hii ni ya ukoo mmoja na viazi, nyanya na managu. Hilo lisikushangaze. Katika ukoo mmoja huweza kuzaliwa mlezi na muuaji.

DAWA ZA MARUERUE NI ZIPI?

Maruerue ni hali ya kuona, kusikia au kuhisi kitu ambacho hakipo. Baadhi ya vijana hutafuta hali hii kwa makusudi, wakiiita starehe. Dawa wanazotumia hazifanani, na kosa kubwa ni kuziweka zote katika kapu moja.

Kundi la kwanza ni lile la LSD na uyoga wenye kemikali iitwayo silosibini. LSD ilitengenezwa mwaka 1938 na mwanakemia Albert Hofmann mjini Basel, Uswisi, na mwaka 1943 yeye mwenyewe ndiye aliyegundua jinsi inavyovuruga fahamu. Huuzwa mara nyingi ikiwa imelowekwa kwenye vipande vya karatasi vidogo kama stempu. Kiasi kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, hutosha kumbadilisha mtu kwa saa nane hadi 12.

Kundi la pili ni la ekstasi na jamii yake, ambazo huchochea mwili huku zikigeuza hisia.

Kundi la tatu ni la ketamini, dawa halali ya kumlaza mgonjwa anapopasuliwa. Ikitumiwa nje ya hospitali humtenga mtu na mwili wake, akawa yupo lakini hayupo.

Kundi la nne ndilo la datura na brugmansia. Vidonge vya benzheksoli, ambavyo hospitalini tunawapa baadhi ya wagonjwa kupunguza kukakamaa na kutetemeka kunakoletwa na dawa za akili, huleta madhara yanayofanana vinaponunuliwa kwa magendo na kumezwa kwa wingi.

Katika miji yetu mikubwa makundi matatu ya kwanza yanahitaji fedha na mtu wa kukuuzia. Datura haihitaji chochote. Haina bei, haina mchuuzi, na hakuna anayemwuliza mtoto kwa nini amechuma tunda la gugu. Ndiyo maana, kwetu sisi tunaotibu katika miji midogo ya Bonde la Ufa, hii ndiyo dawa ya maruerue inayostahili kutunyima usingizi.

SUMU HII HUFANYAJE KAZI?

Ndani ya mwili neva hutumana ujumbe kwa kemikali. Mmoja wa wajumbe hao huitwa asetilikolini. Ndiye anayeamrisha mate yatoke, jasho litiririke, mboni ya jicho ijikaze mbele ya mwanga, matumbo yasukume chakula, kibofu kijikamue, na moyo upunguze mwendo. Ndani ya ubongo, mjumbe huyo huyo husaidia kumbukumbu na umakini.

Datura ina sumu tatu za jamii moja: atropini, hiosini na hiosiamini. Sumu hizi huketi kwenye mlango ambao mjumbe huyo angeingilia, nazo hazifungui. Mjumbe hufika, akabisha, asijibiwe. Basi kila kazi niliyoitaja hapo juu husimama.

Ajabu ni kwamba sumu hizi pia ni dawa. Mkulima akivuta au kumeza dawa za wadudu za aina fulani, asetilikolini hufurika mwilini, naye huzama katika mate, jasho, machozi na makohozi yake mwenyewe. Hapo atropini ndiyo inayomwokoa. Hiosini nayo, ikiwa imebadilishwa kidogo viwandani, hutuliza msokoto wa tumbo. Zamani wagonjwa wa pumu walivuta moshi wa majani ya datura ili kifua kifunguke.

Tofauti kati ya dawa na sumu ni kipimo, na mmea hauna kipimo. Mbegu moja ya datura hukadiriwa kuwa na takriban 0.1 mg ya atropini, na tunda moja huweza kubeba mbegu 50 hadi 100 au hata zaidi. Daktari anapotaka kuharakisha moyo uliozembea wa mtu mzima, humdunga atropini 0.5 hadi 1 mg tu. Tena, nguvu ya sumu hutofautiana baina ya mmea na mmea, jani na mbegu, kiangazi na masika. Kwa hiyo yule kijana anayesema, "Rafiki yangu alikunywa na hakufa," hajasema chochote kuhusu kikombe kilicho mbele yake.

DALILI, SAA KWA SAA

Dalili za kwanza hutokea kwa kawaida baada ya dakika 30 hadi 60, na mapema zaidi ikiwa ni chai. Mbegu zilizomezwa nzima huweza kuchelewa.

Kinywa hukauka hata kumeza mate kukawa tabu, na sauti hukwaruza. Uso na kifua huwa vyekundu na vya moto, ingawa kwa ngozi nyeusi wekundu huu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo gusa badala ya kutazama tu. Mboni za macho hupanuka hadi duara jeusi likakaribia kulimeza jicho lote, na mwanga huumiza. Maandishi ya karibu hayasomeki. Moyo hukimbia, mara nyingi zaidi ya mapigo 120 kwa dakika.

Baadaye akili huondoka. Mgonjwa huhangaika, huongea maneno yasiyoshikana, huvua nguo, huvuta sigara isiyokuwapo, huzungumza na watu wasiokuwapo. Joto la mwili hupanda kwa sababu hana jasho la kulipoza. Tumbo hunyamaza. Mkojo huziba, kibofu kikavimba kama mpira chini ya kitovu. Sumu ikizidi, huja degedege, moyo kwenda mrama, kupoteza fahamu, kushindwa kupumua na kifo.

Hali ya kuchanganyikiwa huchukua kwa kawaida siku moja hadi mbili. Macho huweza kubaki na ukungu kwa juma zima. Mwaka 1676 askari wa Kiingereza waliokuwa Jamestown, Marekani, walikula majani ya datura yaliyopikwa kama mboga. Mwanahistoria wa enzi hizo aliandika kwamba walikuwa kama wendawazimu kwa siku 11, wakafungiwa wasijidhuru, na walipopona hawakukumbuka chochote. Jina ambalo Wamarekani huuita mmea huo hadi leo limetokana na mji huo.

Aghalabu kinachoua ni yale mtu anayoyafanya akiwa hana akili, kabla hata sumu haijamaliza kazi yake. Huingia barabarani mbele ya lori, huingia mtoni, hupanda paa. Na kwetu huku, penye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mtu aliyevua nguo na kulala nje usiku wa Julai au Agosti huweza kufa kwa baridi, hata kama saa chache kabla alikuwa akiungua.

MKAVU AU MWENYE JASHO?

Hapa ndipo muuguzi wetu alipotoa somo kubwa. Aliyetumia LSD, ekstasi au kokeini pia huwa na mboni pana, moyo wa mbio na joto. Lakini yeye hutoka jasho. Mgusie kwapani: penye unyevu, fikiria dawa hizo. Pakiwa pakavu kabisa, fikiria datura au jamaa zake.

Tofauti ya pili iko katika akili. Aliyetumia LSD au uyoga kwa kawaida hujua kwamba kuna kitu alichokunywa. Atakwambia ukuta unapumua, rangi zinaimba, ameogopa. Ukimtuliza mahali penye utulivu, mara nyingi hutulia. Aliyekunywa datura hajui. Kwake, nyanya aliyekufa ameketi pale kitini, na wewe ndiwe usiyeona.

Nisieleweke vibaya kwamba makundi mengine ni salama. Ekstasi huweza kupandisha joto hadi misuli ikayeyuka na figo zikaziba. Wengine, kwa kuogopa joto hilo, hunywa maji kupita kiasi hadi chumvi ya damu ikashuka na ubongo kuvimba. LSD na uyoga huweza kuzua hofu kali ya kumfanya mtu aruke dirishani, na kwa mwenye ugonjwa wa akili katika ukoo wake huweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Anayechuma uyoga porini naye huweza kuokota aina inayoharibu ini, ambayo dalili zake huchelewa kwa saa nyingi. Keki na biskuti za bangi, ambazo wanafunzi hupitishiana siku hizi, huchukua saa moja hadi mbili kabla ya kukolea. Mlaji hudhani hazina nguvu, akaongeza, kisha zote zikamshika kwa pamoja.

Na yule aliyetiliwa "mchele" kwenye kinywaji na wezi wa baa, je? Huyo kwa kawaida hulala fofofo, mwili umelegea. Wa datura hulali karibu naye.

KOSA AMBALO SITALISAHAU

Nilipokuwa daktari mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa mazoezi, katika hospitali ambayo sitaitaja, tuliletewa kijana aliyekuwa akipiga kelele na kurarua nguo. Aliyemleta alisema, "Huyu ameshikwa na wazimu." Nilikuwa nimechoka, wodi imejaa. Nililipokea neno "wazimu" kama nilivyopewa. Nikaagiza achomwe klopromazini, dawa tuliyozoea kumtulizia mwenye ugonjwa wa akili, na afungwe kitandani.

Sikumgusa ngozi. Sikumwangalia macho. Sikumwuliza mtu alikula nini. Dawa niliyompa ina sehemu ya tabia zile zile za datura: nayo hukausha, nayo hupandisha joto, nayo huukaribisha mwili kwenye degedege. Ilikuwa kama kuzima moto kwa mafuta ya taa. Alipatwa na degedege saa kumi za usiku, na alfajiri akafariki.

Saa tatu asubuhi mama yake alifika. Alifungua leso akanionyesha matunda matatu yenye miiba aliyoyaokota chini ya kitanda cha mwanawe. "Hii ni dawa gani, daktari?" aliniuliza. Nilimweleza. Sikuweza kumtazama usoni.

Ninaandika haya kwa sababu kosa hilo bado hufanyika, nyumbani na hospitalini. Mtu asiye na historia ya ugonjwa wa akili akirukwa na akili kwa saa chache, usianze na wazimu wala kurogwa. Anza na mwili. Inaweza kuwa sumu. Inaweza kuwa malaria ya ubongo, hasa kwa aliyerejea karibuni kutoka Kisumu, Busia au pwani. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, jeraha la kichwa, kichaa cha mbwa, au mwili wa mlevi uliokoseshwa pombe ghafla. Yote haya yana vipimo au dalili zake, na mengi yana dawa.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, usimwache peke yake hata dakika moja. Ondoa panga, jiko na maji ya moto. Funga mlango unaoelekea barabarani au mtoni.

Pili, usimtapishe, na usimnyweshe maziwa, mafuta wala mkaa wa jikoni uliosagwa. Asiyekuwa na fahamu kamili huweza kuvivuta mapafuni akakabwa.

Tatu, usimfunge kamba ikiwa kuna njia nyingine. Anayepambana na kamba huzalisha joto zaidi na kuumiza misuli, na takataka za misuli hiyo huziba figo. Watu wawili watulivu walioketi naye, taa hafifu na sauti ya chini, husaidia kuliko kamba. Ikibidi ashikwe, asilazwe kifudifudi.

Nne, akiwa na joto kali mvue nguo nzito na umpanguse kwa kitambaa chenye maji. Akiwa baridi, mfunike. Akizimia au akipata degedege, mlaze ubavu.

Tano, usimpe dawa yoyote ya dukani. Dawa nyingi za mafua na za mzio, na baadhi ya dawa za usingizi, huongeza ukavu ule ule.

Sita, beba kilichobaki: jani, tunda, mbegu, chai iliyo kwenye sufuria, pakiti au karatasi. Kitu hicho kitatusaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Saba, na hili ndilo husahauliwa, uliza: walikuwa wangapi?

Mpeleke hospitalini upesi, hata kama anaonekana anapata nafuu. Gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu huitwa kwa nambari 1199. Na usicheleweshwe na hofu ya fedha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Wala usifiche ukweli kwa kuogopa polisi au aibu ya kanisani. Daktari anauliza alichokunywa ili amtibu.

HOSPITALINI

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha anapumua vyema, kupima sukari, joto, mapigo na shinikizo la damu, na kupima umeme wa moyo. Hutiwa dripu. Tunapima malaria, na kazi ya figo na misuli. Akifika mapema na akiweza kumeza, hupewa makaa maalumu ya hospitali yanayonasa sumu tumboni. Kwa kuwa datura hulaza matumbo, makaa hayo huweza kufaa hata baada ya ile saa moja ya kawaida.

Kwa fadhaa na degedege tunatumia diazepamu au jamaa zake. Joto hupozwa kwa maji na feni. Kipo pia kiuasumu chenyewe, fisostigmini, ambacho asili yake ni maharagwe ya Calabar ya Afrika Magharibi, lakini si dawa ya kukutwa katika kila hospitali, na hutakiwa kutolewa kwa uangalifu mkubwa huku moyo ukichunguzwa. Wengi hupona bila hiyo, wakihudumiwa vizuri kwa angalau saa 24. Wenye hali mbaya zaidi huhamishiwa hospitali kubwa, kwetu ikiwa ni ile ya rufaa ya Nakuru.

Yule mvulana wa Agosti alipowekewa mpira wa mkojo, ilitoka zaidi ya lita moja. Ndani ya robo saa nusu ya fujo ilikwisha. Alikuwa akipigana na maumivu ambayo hakuweza kuyasema.

SI WATUMIAJI PEKEE

Datura haimdhuru tu anayeitafuta. Mwaka 2019, wilayani Amudat na Napak katika eneo la Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua na watano wakafa baada ya kula unga wa lishe wa msaada. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga huo ulikuwa umechanganyika na sumu za mimea ya jamii ya datura. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1991, jarida la tiba lilichapisha taarifa ya mkurupuko wa sumu hiyo katika chakula, ulioshughulikiwa na hospitali ya serikali ya Usangi, Upareni nchini Tanzania.

Mkulima wa Molo au Njoro, hii ni habari yako. Ng'oa datura kabla haijatoa mbegu, vaa glavu, usijipanguse macho, kisha nawa. Pembua mahindi, maharagwe na ngano kabla ya kusaga. Anayechuma terere au managu shambani ajue kila jani analotia kikapuni. Watu kadhaa wa nyumba moja wakikauka vinywa na kuchanganyikiwa baada ya mlo mmoja, tunza chakula kilichobaki na uende nacho hospitalini.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Kumkataza kijana bila kumweleza ni kumwongezea hamu. Mwonyeshe mmea wenyewe. Mwambie ukweli ambao rafiki zake hawatamwambia: wengi waliowahi kuonja datura huapa hawatarudia, kwa sababu hawakuona uzuri wowote ndani yake. Ni hofu, kiu na giza. Na ukiona kijana anarudia dawa moja baada ya nyingine, uliza ni nini anachokikimbia. Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya nchini, NACADA, ina simu ya ushauri isiyolipishwa, nambari 1192.

Usiku ule wa Agosti nilimwuliza mjomba, "Walikuwa wangapi?" Hakujua. Tulimpigia dada yake mvulana, naye akasema aliwaona watatu wakielekea upande wa kiwanda cha mbao. Mmoja alipatikana kwao, amejificha chini ya kitanda. Wa tatu alipatikana saa kumi na nusu akiwa na shati tu, amelala kwenye rundo la vumbi la mbao, mwili baridi kama jiwe lakini anapumua. Vumbi hilo ndilo lililomhifadhia joto kidogo. Saa moja zaidi, pengine tungekuwa tunazungumza mengine.

Wote watatu walirudi nyumbani. Yule wa kwanza alipokuja kuangaliwa siku ya tano, alikishika kitabu kwa mkono ulionyooka kabisa, kwa kuwa maandishi ya karibu yalikuwa bado yanamkimbia. Nilimwuliza anakumbuka nini. Alisema anakumbuka chai ilikuwa chungu. Kisha alimgeukia mama yake, akauliza ni nani aliyemkamia ng'ombe siku zile mbili.

Juma lijalo tutazungumzia upande wa pili wa sarafu: sumu ya dawa za kunyunyizia mimea, na jinsi ya kuzihifadhi nyumbani penye watoto.